Walivyoikamata Kirikuu Ikiwa na Sadaka ya Mavuno

Hamisi, bosi wangu ambaye nilimwona akizaliwa, ameniomba niwaandikie ninyi vijana mliobaki yadini maneno mawili matatu ya kuagana. Nadhani alitegemea shukrani na nasaha laini za mzee anayekwenda kulima mahindi. Shukrani ninazo na nasaha ninazo, lakini laini sina. Nimestaafu nikiwa na hasira, na naona niseme mapema ili asiyependa kugombezwa aishie hapa.

Kwa asiyenifahamu, mimi ni Fabiano, Baba Regina wa Bagara. Nimefanya kazi kwa dalali wa mahakama hapa Babati tangu nywele zangu zikiwa nyeusi mpaka zilipoamua kuondoka zenyewe. Kazi yetu mnaijua. Mtu akikopa kwa dhamana ya gari akashindwa kulipa, sisi ndio tunaotumwa kulichukua, tunalitunza yadini, na ikibidi tunalipiga mnada. Watoto wa mtaani kwetu wakiniona tu walikuwa wanakimbia kuwaambia baba zao waingize pikipiki ndani. Nilizoea, ingawa mimi nilikuwa natoka tu dukani kununua chumvi.

Siku yangu ya kwanza nilipelekwa Bonga na Mzee Idrisa, baba yake Hamisi, Mungu amrehemu. Yeye ndiye aliyekuwa dalali mwenyewe, mtu mfupi, mpole, mwenye koti la kijivu lililojaa karatasi kila mfuko. Tulikwenda kuchukua pikapu ya mkulima mmoja. Wakati huo nilikuwa na misuli mingi na akili ya kubahatisha. Tulipofika nikaliona gari limeegeshwa kando ya banda la ng'ombe, nikapenya kwenye ua wa minyaa na kushika mlango wake. Mzee Idrisa akaniita kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Fabiano. Umepiga hodi?"

"Mzee, gari si hili hapa?"

"Nimekuuliza hodi."

Nikarudi nje. Tukapiga hodi, tukaitikiwa, tukakuta mwenye gari anakula ugali na maharage. Akatukaribisha, kwa sababu ndivyo watu wa huku walivyo, na Mzee Idrisa akanawa akala. Mimi nilisema nimeshiba. Baada ya kunawa tena akatoa amri ya mahakama, akaisoma yote kwa sauti, polepole, mpaka mke wa yule bwana akatoka jikoni na kusikiliza. Akawauliza kama wameelewa, na kama kuna wanalobisha. Akawaambia kwamba kama wanabisha, wana haki ya kwenda mahakama ileile iliyotoa karatasi hii, na akawaeleza waingilie mlango gani na wamwone nani.

Halafu akamwambia mwenye gari aingie mwenyewe kutoa vitu vyake. Akatoa jembe, koti la mvua, rozari iliyokuwa imening'inia kwenye kioo, na kiatu kimoja cha mtoto ambacho walikuwa wamekitafuta tangu Krismasi. Mke wake akacheka kwa kile kiatu huku mume machozi yanamtoka. Tukaondoka na gari na hakuna aliyetutukana. Njiani nikauliza kwa nini tumepoteza muda wote ule. Mzee Idrisa akasema yule bwana ana haki ya kujua ni nani anayechukua, kwa amri ya nani na kwa deni lipi, na kwamba hakuna mtu aliyeweka jembe wala kiatu kuwa dhamana.

Vifaa vyetu vilikuwa mnyororo, kamba ya kuvutia, betri ya akiba, pampu ya upepo na gunia safi. Gunia lilikuwa la kuwekea vitu vya mwenye gari asipokuwepo, likafungwa na kupelekwa kwa mwenyekiti wa mtaa. Ninyi sasa mna mashine ya kukatia makufuli, na nasikia mnaipenda mpaka mmeipa jina la msichana. Sisi hatukuwa nayo kwa sababu hatukuwa na kazi nayo. Tukikuta geti limefungwa tulikuwa tunarudi mahakamani kuomba maelekezo. Mzee Idrisa aliwahi kwenda na kurudi Magugu mara kadhaa kwa ajili ya kufuli moja la Kichina ambalo mtoto wa shule angelifungua kwa pini.

Na mnada ulikuwa mnada kweli. Tulibandika matangazo, tukazungusha gari la spika sokoni, stendi na Bonga, watu wakajua siku na mahali, wakaja mchana kweupe kushindana bei. Pesa ikizidi deni na gharama, inayobaki ni ya mwenye gari. Niliwahi kumpelekea mjane mmoja pesa yake iliyobaki baada ya mnada, akaikataa, akidhani ni mtego wa kumkopesha tena. Ilibidi nimwite padre aje kunidhamini. Sasa nawauliza ninyi: mara ya mwisho kumpelekea mtu baki yake ilikuwa lini? Msinijibu. Najua, na inanikera.

Mambo yaliharibika polepole. Zamani anayekopesha alikuwa benki au chama cha ushirika, na akitaka gari anapitia mahakamani. Wakaja watu wenye ofisi za meza moja, wakitoa ile mikopo ambayo wakopaji wenyewe wameiita kausha damu. Huyu anashikilia kadi ya gari, yule anashikilia kadi ya benki ya mwalimu pamoja na namba yake ya siri, mwingine ana rundo la funguo za akiba kama mwenye nyumba ya wageni. Mzee Idrisa alikataa kazi zao. Alipofariki, Hamisi akazikubali, kwa sababu Hamisi ana watoto wanaosoma shule za mabasi ya njano. Simlaumu sana. Namlaumu kiasi.

Katika hao alikuwepo mmoja nitakayemwita Tito. Yeye alikuwa na ujanja wake. Ukienda kukopa kwake kwa dhamana ya gari, hakupi mkataba wa mkopo. Anakupa mkataba wa mauziano. Unasaini kwamba umemuuzia gari lako, mwenyekiti wa mtaa anagonga muhuri, unapewa pesa, na gari unaendelea kulitumia huku ukimlipa kila wiki. Ukilipa ukamaliza, anaichana ile karatasi. Ukiteleza, anakuja kuchukua "gari lake", bila taarifa, bila mahakama, bila mnada, bila baki.

Mama Neema wa Nakwa alikuwa mmoja wa waliosaini. Jina lake ni Theodora, mama wa makamo, mwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo ambacho bila hicho mji huu usingekula nyanya. Kila alfajiri alikuwa akibeba mboga za wakulima kuzipeleka sokoni. Injini ilikufa, akakopa kwa Tito ili aifufue. Alilipa vizuri kwa muda mrefu, akabakiza kidogo, kisha mvua zikakata barabara za mashambani na akakosa kulipa wiki kadhaa. Alimpigia Tito simu kumweleza. Tito akamwambia, "Usijali mama, tuko pamoja."

Jumapili iliyofuata ilikuwa ya mavuno. Jumuiya ya kanisani kwao ilikuwa imepakia sadaka kwenye ile kirikuu: magunia ya mahindi na maharage, maboga, kuku waliofungwa miguu, na beberu mmoja. Wakaliacha gari nje ya kanisa, wakaingia misani, wakisubiri wakati wa matoleo watoke kuyachukua kwa maandamano. Padre akiwa bado anahubiri, vijana wawili wa Tito wakaja na ufunguo wa akiba, wakawasha, wakaondoka. Wakati wa matoleo ulipofika jumuiya ikatoka kwa nyimbo na kukuta alama za matairi. Nimeambiwa kwamba kwaya ndani iliendelea kuimba wimbo uleule wa matoleo, beti zikaisha, wakarudia, zikaisha tena, na hakuna aliyeingia.

Mimi nilikuwa nimesali misa ya kwanza na nipo zamu yadini. Nikasikia honi.

"Mzee, shikamoo. Fungua geti, kuna chuma ya Bosi Tito hapa."

"Marahaba. Chuma gani?"

"Kirikuu. Mama mmoja wa Nakwa anadaiwa, kazingua."

"Karatasi iko wapi?"

"Karatasi gani tena mzee? Bosi ataongea na Hamisi. Tulia, hii ni kazi tu."

Hapo jogoo akawika nyuma ya gari. Nikasogea kutazama. Beberu alikuwa ameshaanza kula turubai.

"Na hawa nao wanadaiwa?" nikauliza. Wakacheka. Mimi sikuwa nimesema cha kuchekesha.

Nilipompigia Hamisi akaniagiza niwaingize, nikafungua. Kwa hesabu yangu, kirikuu ikiwa ndani ya ukuta ilikuwa salama zaidi kuliko ikiwa mikononi mwa wale. Haikupita muda jumuiya ikafika, wengine kwa bodaboda, wengi kwa miguu, akina mama wamevaa sare za vitenge, viatu vya kanisani vimejaa vumbi. Mbele yao alikuwa Mama Neema, na nyuma yake katekista, mzee mrefu mwenye suti ya kahawia.

"Shikamoo baba," Mama Neema akaniambia. Katika hali ile bado alinisalimia kwanza.

"Marahaba mama. Pole sana."

"Baba, mambo ya gari tutayaongea. Naomba kwanza sadaka ya watu. Mimi ndiye ninayedaiwa. Majirani zangu hawadaiwi, na Mungu hadaiwi."

Nikawaambia waingie wachukue. Mmoja wa wale vijana akasimama mlangoni mwa gari, akavua miwani ya jua ili nimwone vizuri anavyonitisha.

"Hakitoki kitu mpaka Bosi aje."

Nikamwambia, "Wewe umeiba kanisani, mchana, na mashahidi wamevaa sare. Unataka nikusaidie kuhesabu ni makosa mangapi?" Akarudisha miwani. Katekista akashusha kuku mmoja mmoja na kuwaita kwa majina ya waliowatoa.

Wakati wakishusha ndipo Mama Neema aliponieleza habari ya ule mkataba. Alikuwa ameuona umeandikwa mauziano na akauliza. Tito akamjibu kwamba ndiyo fomu ya ofisi, wote wanasaini hiyo, na yule mwenyekiti akatikisa kichwa kukubali. Naliandika hili kwa sababu wapo kati yenu wanaosema watu wanaokopa ni wajinga. Aliuliza. Alidanganywa na watu wawili, mmoja akiwa na muhuri wa serikali ya mtaa mkononi.

Tito mwenyewe akafika akiwa na ile karatasi. Aliposikia naomba taarifa ya maandishi aliyompa mdaiwa kabla ya kukamata gari, akabadilika palepale.

"Taarifa ya nini? Huyu simdai. Hili gari nimelinunua. Soma hapa. Na wala silipigi mnada, naondoka nalo sasa hivi, kuna mteja ananisubiri Singida."

Nikamtazama Mama Neema, ameshika ubavu wa kirikuu kwa mikono miwili. Sote tulijua maana ya Singida. Likitoka geti lile lisingerudi tena. Lingebadilishwa rangi, lingeuzwa kwa mtu asiyemjua Tito, na Mama Neema angebaki kulitafuta kwa kuuliza watu. Neema, binti yake, alikuwa kidato cha tatu, bweni, kwa mboga za ile kirikuu.

"Bwana Tito," nikasema, "vijana wako wameniambia hapa getini kwamba mama huyu anadaiwa. Wewe unasema ulinunua. Chagueni moja mniletee."

"Wewe ni mlinzi wa geti au hakimu?"

"Wa geti. Ndiyo maana nimelifunga."

Akapiga simu polisi. Akaja askari mmoja, akasikiliza pande zote, akamwomba Tito kadi ya gari, akakuta bado ina jina la Theodora. Akasema hilo ni jambo la madai, waende mahakamani, na mtu asije kumwita tena kukusanya madeni. Akapanda pikipiki yake akaondoka. Natamani wangekuwa wengi kama yeye. Tito akampigia Hamisi, na Hamisi akanipigia mimi.

"Baba Regina, mpe gari lake. Huyu ni mteja wetu mkubwa."

"Njoo ulifungue wewe geti, Hamisi. Watu wa jumuiya wako hapa wanakusubiri."

Hamisi hakuja. Nilikaa na funguo za geti mfukoni usiku ule, na mke wangu akaniletea chakula palepale.

Kesho yake asubuhi Mama Neema akaenda mahakamani pamoja na msaidizi wa kisheria wa kata, binti mmoja mwenye sauti ndogo na haraka nyingi. Wakaomba zuio ili gari lisiondolewe yadini mpaka shauri lisikilizwe, wakapewa. Ninyi vijana, mkumbuke hilo neno zuio. Mdaiwa ana haki ya kuliomba, na mnapoambiwa lipo msijifanye simu zimeisha chaji.

Siku ya kusikilizwa niliitwa nieleze nilichosikia getini, nikaeleza. Kisha hakimu, mama kijana mwenye miwani, akamgeukia Tito.

"Ulilinunua gari hili lini?"

"Siku tuliyosaini, mheshimiwa."

"Na tangu siku hiyo likawa lako?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Sasa huyu aliyekuuzia amekuwa akikutumia pesa kwa simu kila wiki. Pesa za nini?"

Tito akaikunja ile karatasi ya mauziano.

"Za ushirikiano, mheshimiwa."

Watu wakaangua kicheko mpaka karani akagonga meza. Mimi sikucheka. Nilikuwa nawaza ni wangapi wamepoteza pikapu, Noah na bajaji zao kwa ushirikiano huo huo, bila kupata mtu wa kumuuliza swali hilo moja.

Hakimu akaamua kwamba ule ulikuwa mkopo uliovalishwa nguo za mauziano. Mama Neema atamalizia alichobakiza, kwa kiwango walichokubaliana na bila faini za kubuni, na gari arudishiwe. Nilifurahi, sikatai. Lakini siku zote ambazo kirikuu ilikaa yadini nyanya za watu zilioza mashambani, yeye akakodi bodaboda kupeleka mboga na kula hasara kila alfajiri, na hakuna aliyemlipa kwa hayo. Sheria ipo. Kuifuata unapaswa uache kazi, ulipe nauli, ukae kwenye benchi, huku aliyekudhulumu anachezea simu kwenye gari lenye kiyoyozi. Hilo linanichoma mpaka leo.

Baada ya hapo Tito na wenzake wakahamishia magari yao kwenye yadi nyingine, na Hamisi akaninunia. Alisema nimefukuza wateja. Nilimwambia wateja wetu ni mahakama, akasema mahakama hailipi kodi ya kiwanja. Huenda ni kweli. Lakini nyinyi mnaovaa fulana yenye jina la dalali wa mahakama, mtu akiwauliza amri ya mahakama iko wapi mkamjibu atulie, basi vueni hiyo fulana mkaibe kwa jina lenu wenyewe.

Siku ya kutoa gari Mama Neema alikuja na katekista na akina mama wa jumuiya. Tito naye alikuja, akakabidhi funguo na kadi, akasimama kando ya gari lake lenye kiyoyozi kuona mwisho wake. Mama Neema akapanda, akazungusha ufunguo, kimya. Betri ilikuwa imekufa. Mlinzi wetu wa usiku alikuwa ameunganisha nyaya akisikilizia mpira kwenye redio ya gari la watu, ndani ya yadi yetu, chini ya ulinzi wetu. Nilimfokea mpaka nikakohoa. Nikaenda stoo kutafuta betri ya akiba nikaikuta haipo, wenzenu wameiuza.

Tito akacheka, kwa mara ya kwanza tangu mahakamani.

Katekista akavua koti la suti akampa mtoto wa jirani ashike. Akina mama wakakaza khanga viunoni wakashika bodi. Nikafungua geti lote, mabawa yote mawili, nikaenda nyuma nikaweka bega. Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa nasukuma magari ya watu kuyaingiza mle ndani. Hilo tulilisukuma kulitoa, tukapita mbele ya Tito, tukaingia barabara ya vumbi, na kwenye mteremko likakohoa likawaka. Mama Neema hakusimama kutushukuru. Angesimama, lingezimika.